Walioandikwa na Wasioandikwa: Habari za Matibabu ya Askari na Jamaa Zao katika Nyanda za Juu za Kusini

Katika kurasa zilizotangulia mmesoma habari za makanisa yaliyojengwa, za shule zilizofunguliwa, na za watu waliofanya kazi kwa jasho katika milima hii yetu. Sasa twataka kuwaeleza habari nyingine, ambayo haina jengo lake wala mnara wake katika nchi yetu. Ndiyo habari ya watu waliotoka Iringa na Mbeya kwenda vitani, wengine kwa hiari na wengine kwa nguvu, na habari ya wake zao na watoto wao. Jinsi walivyopata matibabu waliporudi, na jinsi walivyoyakosa.

Tumewauliza wazee, na tumesoma yaliyoandikwa, nasi tumeona jambo moja linalorudi katika kila kizazi. Kila vita vilipokwisha, mtu ambaye jina lake lilikuwamo daftarini alipata dawa, ijapokuwa kidogo. Yule ambaye jina lake halikuandikwa alirudi kwake na ugonjwa wake, akajitibu kwa mizizi na kwa subira. Na miongoni mwa wasioandikwa, mara nyingi wa kwanza alikuwa mke wa askari. Basi twaomba msomaji alishike neno hili la daftari, maana litatuongoza tangu mwanzo hata mwisho.

VITA VYA 1914 HATA 1918

Vita vya Wazungu vilitufikia kwa nguvu mwezi wa Mei, 1916. Jemadari Northey alivuka mpaka pamoja na jeshi la Waingereza kutoka Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini, akautwaa mji wa Neu Langenburg, ambao ndio Tukuyu ya leo. Na tarehe 29 Agosti mwaka ule ule watu wake wakaingia Iringa. Wala mambo hayakuishia hapo. Mwezi wa Oktoba Jemadari Wahle wa Wadachi (ndivyo wazee wetu walivyowaita Wajerumani) akaja na jeshi lake kutoka Tabora, wakapigana tena katika nchi ya Uhehe na Ubena. Na mwaka 1918, vita vikikaribia kwisha, von Lettow-Vorbeck alipita Ubena na askari wake waliobaki, akiendea Rhodesia ya Kaskazini, ambako aliweka silaha chini mwezi wa Novemba. Hivyo nchi hii ilikanyagwa na majeshi mara tatu katika muda wa miaka mitatu, na kila jeshi lilikula ghala za watu.

Siku zile hapakuwa na reli katika milima yetu, wala barabara ya motokaa iliyofaa. Unga, risasi, mahema, hata mzinga uliovunjwa vipande vipande, vyote vilikwenda juu ya vichwa na mabega ya watu. Hata mgonjwa alichukuliwa kwa machela. Watu hao wachukuzi upande wa Nyasa waliitwa tengatenga. Na kule Dar es Salaam jina la jeshi lao limebaki katika mtaa wa Kariakoo, ijapokuwa wengi wanaonunua nyanya pale hawajui asili yake.

Twapenda ifahamike kwamba wachukuzi hawa hawakuuawa hasa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, na malaria, na kichomi. Mtu aliyezaliwa katika joto la bondeni alilala usiku katika baridi ya Ubena na nguo moja. Aliyezoea ndizi alilishwa unga ambao haukuiva vizuri. Maji waliyokunywa yalikuwa yamechafuliwa na waliotangulia. Upande wa Waingereza peke yake, wachukuzi waliokufa katika vita vya Afrika ya Mashariki huhesabiwa kuwa karibu laki moja. Upande wa Wadachi hesabu haikutunzwa vema, nayo ilikuwa kubwa pia.

Je, majina yao yako wapi? Mwezi wa Oktoba, 1918, Jemadari Wahle mwenyewe aliugua, akaachwa Ubena pamoja na wagonjwa wengine, na Waingereza wakamkuta pale. Jina lake limeandikwa vitabuni, na kila asomaye habari za vita hivyo atalikuta. Lakini wachukuzi walioachwa njiani kati ya Njombe na Lupembe, nani awezaye kuwataja? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo yatunza makaburi ya vita yaliyoko Iringa mjini, ilitoa taarifa na kukiri kwamba watu wengi sana wa Afrika na Asia waliokufa katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Taarifa hiyo ilisema kwamba hao wasiokumbukwa kwa majina ni 116,000 kwa uchache, na huenda ikawa hata 350,000.

Jambo hili si la heshima ya wafu tu. Jina lilipopotea, haki ya walio hai ilipotea nalo. Mishahara ya wachukuzi wengi waliokufa haikufika kwa jamaa zao, kwa kuwa hapakuwa na kitabu kilichoonyesha kijiji cha marehemu, wala mke wake, wala mtoto wake. Mjane hakuwa na karatasi ya kumpelekea Bwana Shauri. Na yule aliyerudi akiwa hai, lakini amekonda kwa kuhara damu au anakohoa bila kukoma, hakuitwa askari mgonjwa. Aliitwa mchukuzi aliyekwisha kazi yake.

MASISTA KATIKA HOSPITALI ZA WACHUKUZI

Hata hivyo hatuwezi kupita bila kusimulia wema uliotendeka gizani. Wakati ule wa vita masista wa Konsolata waliokuwa wakifanya kazi Kenya walikwenda kuwauguza wachukuzi katika hospitali za jeshi. Mmoja wao alikuwa Sista Irene Stefani, aliyezaliwa Italia mwaka 1891. Alihudumu Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, katika mahema na mabanda ambamo wagonjwa walilala kwa mamia. Alifariki mwaka 1930 huko Gikondi, Kenya, naye alitangazwa Mwenye Heri mjini Nyeri mwezi wa Mei, 2015.

Mwaka 1919 wamisionari wa shirika lile lile la Konsolata waliingia Iringa, wakazishika misioni ambazo Wabenediktini walikuwa wameziacha, Tosamaganga ikiwa ya kwanza. Basi shirika lililokuja kwetu lilikuwa limekwisha kuona kwa macho jinsi mchukuzi afavyo. Na lilikuta nchi iliyo mgonjwa. Wamisionari Wadachi wa Rungwe, wa Ubena na wa Uhehe walikuwa wamechukuliwa na Waingereza wakati wa vita, na vyumba vyao vya dawa vilikuwa vimefungwa. Tena mwisho wa mwaka 1918 ulikuwa umekuja ugonjwa wa mafua makuu, ulioenezwa kwa njia ya askari na wachukuzi waliorudi makwao, nao uliua makumi ya maelfu ya watu katika Tanganyika. Twaona hapa kwamba vita havikumwua askari peke yake. Vilimfuata mpaka nyumbani, vikalala naye katika nyumba moja na mkewe na watoto wake.

Katika miaka iliyofuata Serikali ilianza kuwafundisha madresa wa makabila, wakawekwa katika zahanati ndogo chini ya watemi na wakubwa wa nchi. Nazo misioni zikafungua tena vyumba vya dawa. Pale ndipo askari wa zamani na mkewe walipopata kuoshwa vidonda na kupewa kwinini. Hakuna aliyemwuliza kama alipigana upande wa Mdachi au wa Mwingereza. Lakini pia hakuna aliyemwandika kuwa ni mtu aliyeumia vitani.

VITA VYA 1939 HATA 1945

Vita vya pili vilipokuja, Tanganyika ilitoa askari wapatao 87,000. Wengi walitoka katika milima yetu, maana Mhehe tangu siku za Mkwawa alisifiwa kwa ushujaa, na Mnyakyusa na Mbena nao hawakubaki nyuma. Waliingia katika jeshi la KAR, ambalo watu waliliita Keya. Wengine wakawa madereva, wapishi, mafundi na wauguzi. Walipigana na Waitalia katika Uhabeshi mwaka 1941. Wakaenda Madagaska mwaka 1942. Kisha wakapelekwa Burma, ambako mwaka 1944 walipita katika bonde la Kabaw wakati wa masika, matope yakifika magotini, katika nchi ambayo malaria yake ilikuwa adui kuliko Wajapani. Kila siku walimezeshwa vidonge vya manjano vya kuzuia homa, hata ngozi zao zikageuka rangi.

Huko jeshini kijana wa Iringa au wa Rungwe aliona mambo ambayo hakuyaona nyumbani. Alipimwa na daktari siku ya kuandikwa. Alichanjwa. Alipewa viatu, blanketi na chakula cha kipimo. Alipoumia alichukuliwa kwa gari la wagonjwa, akalazwa kitandani, akafungwa bendeji safi. Wengine walifundishwa kazi ya uuguzi wenyewe. Mtu wa namna hii aliporudi kijijini akamkuta mkewe anajifungua sakafuni, na mtoto wake ana homa, na zahanati iko mwendo wa siku nzima, hakuweza tena kusema kwamba ndivyo dunia ilivyo. Alikuwa ameona kwamba iwezekanavyo kwa askari yawezekana kwa mtu.

Lakini daftari la jeshi lilifungwa siku aliyovua sare. Alipewa kiinua mgongo chake, akaambiwa aende kwao. Na kiinua mgongo chenyewe hakikuwa sawa kwa wote. Mwaka 2019 habari zilitangazwa duniani, kutoka katika hati za wakati ule, kwamba malipo ya kumaliza vita yalipimwa kwa cheo na muda wa kazi, na pia kwa rangi ya mtu. Mzungu alipata mara kadhaa ya alichopata Mwafrika wa cheo kile kile. Kulikuwa na chama cha kuwasaidia askari wa zamani wa dola ya Kiingereza, kilichoundwa Cape Town mwaka 1921. Na mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza fedha za kuwapa askari wakongwe wa Jumuiya ya Madola, na wajane wao walio maskini, milo miwili kwa siku. Twashukuru. Lakini tuhesabu pamoja: toka 1945 hata 2018 ni miaka 73. Kijana aliyerudi kutoka Burma akiwa na miaka 20 alikuwa, kama yu hai bado, na miaka 93.

Tena iko habari moja ya miaka ile ambayo imesahauliwa. Tangu mwaka 1942 walikuja katika nchi yetu wakimbizi wa Poland, wengi wao wanawake na watoto, na waume na baba zao walikuwa askari waliopigana upande wa Waingereza. Waliwekwa katika kambi kadhaa za Tanganyika, na mbili kati ya hizo zilikuwa katika milima yetu: Ifunda na Kidugala. Walipewa nyumba, kanisa, shule na mahali pa kutibiwa. Hatuwaonei kijicho hata kidogo, maana walikuwa wametoka katika mateso makubwa ya Siberia, na wenyeji waliwauzia maziwa na kuku kwa amani. Lakini Mhehe aliyepita karibu na kambi ya Ifunda aliweza kuona kwa macho yake kwamba familia ya askari yaweza kutunzwa mahali pamoja, kwa utaratibu, ikiwa wenye mamlaka wametaka. Mke wa askari wa Kihehe, ambaye mumewe alikuwa Burma, hakuwa na kambi wala daftari.

JINA LA LUGALO

Baada ya Uhuru, mwaka 1961, mambo yaligeuka. Karibu na Dar es Salaam palikuwa na kambi ya askari iliyoitwa Colito, kwa ukumbusho wa mahali katika Uhabeshi ambapo askari wa KAR wa Tanganyika walipigana mwaka 1941. Katika kambi hiyo ndipo maasi ya askari yalipoanza mwezi wa Januari, 1964; na mojawapo ya malalamiko yao lilikuwa la mishahara. Jeshi lile likavunjwa, na mwezi wa Septemba mwaka ule likaundwa Jeshi la Wananchi. Kambi ikapewa jina jipya la Lugalo, yaani mahali pale karibu na Iringa ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wadachi tarehe 17 Agosti 1891.

Basi hospitali kuu ya jeshi la nchi yetu, iliyoko katika kambi hiyo, yaitwa kwa jina la kijiji cha Uhehe. Twajivunia jambo hili, nasi twaona pia fumbo lake. Jina limetoka kwetu likaenda pwani. Na askari mzee wa kijiji kile kile, akipewa barua ya kwenda Lugalo kutibiwa, yampasa asafiri karibu maili mia tatu kulifuata jina la nyumbani kwake. Hapa kwetu iko Hospitali ya Kanda ya Jeshi mjini Mbeya, nayo hutibu askari na raia pia. Imewafaa wengi. Lakini mtu wa Makete, wa Ileje au wa bonde la Pawaga hawezi kusema kwamba Mbeya ni karibu.

Mwishoni mwa Oktoba, 1978, majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Wazee wengi wanaosoma kitabu hiki wanakumbuka siku ile Mwalimu Nyerere alipotangaza vita kwa redio. Jeshi la watu wapatao 40,000 likaongezeka hata kupita 100,000, kwa kuwaita mgambo, polisi, askari wa magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Vijiji vyetu vilitoa watoto wao. Kampala ikatwaliwa tarehe 11 Aprili 1979, na kabla ya katikati ya mwaka ule vita vikaisha.

Na hapa daftari likatugawa tena. Aliyekuwa mwanajeshi wa kuajiriwa alibaki katika kitabu cha jeshi. Alipostaafu alikuwa na pensheni yake na njia ya kuingia hospitali ya jeshi. Mwanamgambo alirudi kwenye shamba lake la mahindi na viazi. Alikuwa amelala katika matope yale yale, amesikia mizinga ile ile. Lakini vita vilipokwisha akawa mkulima kama kwamba hakwenda popote. Wengine walirudi na vipande vya chuma mwilini. Wengine walirudi wazima wa mwili, lakini usiku waliamka wakipiga kelele, wake zao wakaogopa kulala karibu nao, na majirani wakasema wamerogwa. Hapakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba huu nao ni ugonjwa wa vita na una matibabu yake.

Tena vita havikukoma kwa vijana wetu. Mwezi wa Desemba, 2017, askari wa Tanzania waliokuwa katika kazi ya kulinda amani waliuawa zaidi ya kumi huko Semuliki, mashariki ya Kongo, na wengine wengi wakajeruhiwa. Kila mmoja wao alikuwa na mama mahali fulani.

MAMBO YA SIKU ZETU

Msomaji asidhani kwamba hakuna lililotendeka. Mwaka 1999 ilitungwa sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, nao ulianza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa Serikali pamoja na wenzi wao na watoto. Sera za nchi za mwaka 2003 na 2007 ziliagiza kwamba wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Mwaka 2018 Mfuko wa Afya ya Jamii ulitengenezwa upya, ili kaya ya watu sita ipate matibabu kwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Na mwezi wa Novemba, 2023, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hizo ni hatua kubwa, na babu zetu tengatenga hawakuziota.

Tena ugonjwa wa UKIMWI, ulioiumiza Mbeya mapema na vibaya, ulitufundisha somo moja. Katika miaka iliyofuata 2000 kazi ya tiba ilifanywa Mbeya kwa ushirikiano wa hospitali za Serikali, za misioni na za jeshi, pamoja na watafiti wa jeshi la Marekani. Waganga waliona upesi kwamba haifai kumtibu askari na kumwacha mkewe, wala kumtibu mke na kumwacha mtoto. Ugonjwa hauna habari ya nani ameandikwa na nani hakuandikwa. Daktari mwenye akili hutibu nyumba nzima.

Lakini njia kati ya sheria na mlango wa hospitali ni ndefu. Tutasimulia jambo moja tulilolishuhudia, bila kutaja mahali wala mtu, kwa kuwa laweza kutokea popote. Mmoja wetu alikuwa ameketi kwenye benchi la wagonjwa, akaingia mzee mmoja pamoja na mkewe. Karani, kijana mwenye adabu, akasema, "Shikamoo, mzee. Kadi ya bima unayo?" Mzee akajibu, "Marahaba, mwanangu. Kadi sina. Lakini nilikwenda Uganda." Karani akainamisha kichwa, maana katika karatasi yake hapakuwa na mahali pa kuandika neno hilo.

Mzee alipokewa kwa ajili ya umri wake, akatibiwa bure. Lakini mgonjwa hasa alikuwa mkewe. Presha ilikuwa imempanda, miguu imevimba. Naye alikuwa na miaka hamsini na kitu, hakufikia umri wa msamaha. Mama yule alikuwa amemwuguza mumewe miaka mingi. Alimfuta jasho usiku alipoota vita, alilima shamba alipokuwa hawezi kuinuka. Walirudi nyumbani kutafuta mnunuzi wa mahindi. Tulipowaona tena, ilikuwa baada ya majuma matatu.

Hatumlaumu karani. Twajilaumu wote, kwa kuwa hata hospitali za misioni hutoza ada, na ada haijui nani alikwenda vitani. Fedha za kununua dawa na kulipa wauguzi lazima zipatikane mahali fulani. Lakini yatupasa tujiulize: je, yako mambo tuwezayo kuyafanya kwa mikono yetu, bila kungoja mtu wa mbali?

YATUPASAYO

Tumeona mambo manne.

La kwanza ni vitabu vyetu. Katika kila parokia kuna kitabu cha ubatizo, cha ndoa na cha mazishi. Vingine ni vya zamani sana, wino wake umekuwa rangi ya chai. Jeshi halikumwandika mke wa askari. Lakini padre alimwandika siku ya arusi, jina lake na la baba yake na la kijiji chake. Leo mjane anapodai haki ya mumewe, au mzee anapotakiwa kuonyesha umri wake, huulizwa cheti. Wengi hawana, nao hukata tamaa mlangoni. Kumbe ushahidi uko katika kabati la parokia! Twaomba makatekista wawaambie watu jambo hili, na maparoko wasichoke kutafuta jina na kuandika barua, na vitabu vilivyochakaa vinakiliwe kabla mchwa hawajavimaliza.

La pili ni kuwafuata walipo. Hospitali za Tosamaganga, Ikonda na Igogwe, na hospitali za ndugu zetu Walutheri na Wamoravia kule Ilembula, Itete, Isoko na Mbozi, zote zilijengwa mbali na miji, kwa sababu waanzilishi walitaka kuwa karibu na watu. Kliniki za mkoba ziendelee na roho ile. Mzee mwenye mguu mmoja hawezi kushuka bonde la Makete kwa ajili ya kupimwa sukari. Lakini muuguzi mwenye mkoba aweza kupanda. Tena yako mashirika ya dini mbalimbali katika bonde moja. Yakipatana siku na njia, gari moja litafanya kazi ya magari matatu.

La tatu ni tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Siku hiyo hotuba husomwa na mashada huwekwa. Ni vema. Lakini tukiongeza meza mbili chini ya mti, moja ya kupima presha, sukari na macho, na moja ya kuwaandikisha watu katika bima, mashujaa walio hai nao watakuwa na sehemu yao katika sikukuu yao. Na waitwe pamoja na wake zao, na wajane waitwe kwa majina, na wanamgambo wasiachwe nyuma ya umati.

La nne ni kusikiliza. Mtu anayeamka usiku kwa ndoto za vita asipelekwe kwa mpiga ramli, wala asichekwe kilabuni. Aketi na mtu anayejua kunyamaza, kisha asindikizwe kwa daktari wa magonjwa ya akili. Mke wake naye asikilizwe, maana ameishi na vita hivyo bila kushika bunduki.

Wazee wetu husema kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa askari tumefanya kinyume: mwenyeji amekwenda ili wengine wapone, na aliporudi tulimpokea kama mgeni. Miaka zaidi ya mia imepita tangu tengatenga walipokufa njiani Ubena, na hatuwezi tena kuyapata majina yao. Lakini wako wazee wa Kagera wanaoishi kando ya njia zile zile, na wajane wao, na watoto wa waliofia Kongo. Hao majina yao twaweza kuyapata wiki hii, kwa kubisha hodi tu.

Basi kila parokia na ifungue kitabu kipya, kiwe na mistari mitatu kwa kila nyumba: jina la askari, jina la mke wake, na majina ya watoto. Pembeni iandikwe ni ugonjwa gani unaowasumbua, na zahanati ipi iliyo karibu nao. Jubilei ijayo watakaokuja baada yetu watakifungua kitabu hicho, nao wataona kwamba safari hii waliandikwa wote.